Tarehe Tisa

Mkristo wa Tanzania na Mkristo wa Kenya wanaweza kutajiana Sabasaba na kila mmoja akawa anazungumza jambo lake. Wa Tanzania anakumbuka tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa Dar es Salaam, na siku hizi pengine anakumbuka zaidi maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa. Wa Kenya anakumbuka tarehe 7 Julai 1990, mkutano wa Kamukunji uliopigwa marufuku, mabomu ya machozi na madai ya vyama vingi. Anakumbuka pia tarehe hiyohiyo mwaka 1997, polisi walipoingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote mjini Nairobi na kuwapiga watu waliokuwamo. Jina ni moja na tarehe ni moja, lakini ni historia mbili.

Kukutana kwa 1954 na 1990 twaweza kukuita sadfa. Kukutana kwa 1990 na 1997 si sadfa hata kidogo: waliotoka mwaka 1997 waliichagua siku hiyo kwa makusudi, kwa sababu waliikumbuka ile ya kwanza. Naomba msomaji aishike tofauti hii, maana makala yote inaitegemea. Tukio moja huweza kuangukia siku ya tukio jingine bila mtu kukusudia. Lakini mara nyingi kuliko tunavyodhani, tukio la pili huzaliwa siku ile kwa sababu kuna watu walikuwa wamekusanyika kulikumbuka la kwanza.

Nalisema hili kwa sababu mahubiri ya namba yamekuwa mengi. Mtu anajumlisha tarakimu za tarehe, anapata saba au kumi na mbili, na mkutano mzima unasema amina. Wazee wetu walikuwa na siku za mkosi, siku ambazo hakuna anayesafiri wala kuposa. Nadhani tumezifukuza mlangoni zikarudi kupitia dirishani zimevaa suti. Biblia inazijali tarehe, ndiyo, lakini si kwa namna hiyo.

Tazama jinsi Israeli walivyoitunza siku ya kuanguka kwa Yerusalemu. Kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 25, kinasema jemadari wa Babeli alifika kuichoma nyumba ya Bwana siku ya saba ya mwezi wa tano. Yeremia, sura ya 52, anasema siku ya kumi. Walimu wa Kiyahudi hawakuona haya kuikubali tofauti hiyo. Walieleza kwamba adui aliingia siku ya saba, akala na kunajisi, akawasha moto siku ya tisa jua likishuka, na moto ukaendelea kuunguza mpaka siku ya kumi. Wakaishika siku ya tisa ya mwezi huo wa tano, mwezi wanaouita Av, kuwa siku ya kufunga. Miaka zaidi ya mia sita baadaye, mwaka 70 baada ya Kristo, jeshi la Kirumi chini ya Tito likalichoma hekalu la pili katika mwezi uleule, na mapokeo yao yakaiweka siku ileile. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa mafundisho, inataja mambo matano ya tarehe hiyo: baba zao kuambiwa jangwani kwamba hawataingia katika nchi ile baada ya habari mbaya ya wapelelezi, hekalu la kwanza, hekalu la pili, kuanguka kwa ngome ya Betari, na Yerusalemu kulimwa kwa plau kama shamba.

Je, yote matano yalitokea siku moja hasa kwa hesabu ya kalenda? Mwanahistoria atasitasita. Mimi naona swali hilo halifiki mahali panapouma. Watu wale walikuwa na misiba mingi kuliko siku za mwaka za kuiombolezea, wakaikusanya katika siku moja ili iweze kubebeka, kama mama anavyofunga vitu vyake katika kanga moja. Mpaka leo siku hiyo wanafunga, wanakaa chini, wanasoma Maombolezo.

Na hata hapo Mungu hakuwaacha wajivunie maombolezo yao. Katika Zekaria sura ya 7 watu wanakuja kuuliza: je, tuendelee kulia katika mwezi wa tano kama tulivyofanya miaka yote hii? Jibu linalotolewa si ndiyo wala siyo. Wanaulizwa wao: mlipofunga, mlifunga kwa ajili yangu? Kisha mara moja nabii anaanza kusema habari za hukumu ya haki, mjane, yatima, mgeni na maskini. Walikuja kuulizia kalenda, wakarudishwa kwa jirani.

Wajerumani nao wana tarehe tisa yao, ya Novemba. Wengi wetu tumebatizwa katika makanisa yaliyoanzishwa na wamishonari wao. Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, Berlin walikuwa kusini, Betheli walikuwa Usambara na baadaye Bukoba. Kwa hiyo siku hii si ya kigeni kwetu kama inavyoonekana.

Mwaka 1848 naupita haraka. Tarehe 9 Novemba mwaka huo Robert Blum, mbunge aliyekuwa mkazi wa Leipzig na mtetezi wa utawala wa watu, alipigwa risasi mjini Vienna kwa hukumu ya jeshi. Kwa muda mrefu tarehe hiyo ilikuwa yake peke yake.

Miaka sabini baadaye, tarehe 9 Novemba 1918, Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita. Mjini Berlin ikatangazwa kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili ameacha kiti cha enzi, na mchana huo Philipp Scheidemann akasimama kwenye Bunge akautangazia umati kwamba sasa nchi ni jamhuri. Kesho yake Kaisari alikimbilia Uholanzi. Huku kwetu habari zilichelewa. Askari na wapagazi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado wanatembea katika nchi inayoitwa leo Zambia, na silaha waliziweka chini Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Wazee wetu walibaki na silaha mikononi wiki mbili za ziada kwa ajili ya mfalme aliyekwisha kuondoka.

Vitabu vya shule huishia kwenye siasa, lakini kwa kanisa kulikuwa na jambo zito. Kaisari, akiwa mfalme wa Prussia, alikuwa pia mkuu wa kanisa la Kiprotestanti la huko, aliyekuwa na mamlaka ya askofu mkuu ingawa hakuwa mchungaji. Kiti cha enzi na madhabahu vilisimama pamoja tangu Matengenezo. Tarehe 9 Novemba wachungaji wengi waliona kama baba wa nyumba amefukuzwa. Hawakuisamehe jamhuri. Waliiombea Jumapili kwa sababu imeandikwa kuziombea mamlaka, lakini mioyo yao ilibaki Uholanzi. Kosa hilo la kupenda kiti cha enzi kuliko ilivyostahili lilikuja kudai riba kubwa.

Maana walikuwapo wengine walioichukia siku hiyo kuliko wachungaji. Adolf Hitler aliwaita walioleta jamhuri wahalifu wa Novemba. Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923, katika ukumbi wa bia mjini Munich, alitangaza kupindua serikali, na asubuhi ya tarehe 9, miaka mitano kamili baada ya jamhuri, akaongoza wafuasi wake katikati ya mji. Polisi walifyatua risasi. Walikufa polisi wanne na zaidi ya watu kumi upande wa waandamanaji. Hitler alifungwa, na muda si mrefu akaachiliwa.

Alipotwaa madaraka mwaka 1933 aliifanya siku ile kuwa siku takatifu ya chama. Hapa msomaji wa Kikristo anapaswa kukaa kidogo, kwa sababu atayatambua mavazi. Kila mwaka wafuasi wa zamani walikusanyika Munich, wakaanza kwenye ukumbi wa bia na kutembea njia ileile kama watu wanaofuata njia ya msalaba. Palikuwa na bendera iliyolowa damu ya waliokufa, na bendera mpya ziliwekwa wakfu kwa kuguswa nayo. Mwaka 1935 mifupa ya wafu ilihamishiwa katika mahekalu mawili yaliyojengwa kwa ajili yao. Majina yao yaliitwa moja moja, na umati ukaitikia kwa niaba yao kwamba wapo. Damu, mashahidi, hija, kuitikia jina la aliyekufa kana kwamba yu hai: vyote walivijua wapi, kama si kanisani? Watu waliobatizwa walisimama katika ibada ile na wengi hawakuona chochote cha ajabu.

Kwa hiyo jioni ya tarehe 9 Novemba 1938 viongozi wa chama kutoka kila mkoa walikuwa tayari wamekaa pamoja Munich, wanakula na kukumbuka mwaka 1923. Siku mbili kabla, mjini Paris, kijana wa Kiyahudi wa miaka 17, Herschel Grynszpan, alikuwa amempiga risasi afisa wa ubalozi wa Ujerumani, Ernst vom Rath. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa Poland waliosukumwa nje ya mpaka siku chache kabla, na wengi wao walikuwa wamekwama pale mpakani kwenye baridi. Vom Rath alikufa jioni ileile ya tarehe 9. Habari ikafika mezani Munich. Goebbels akasimama akahutubia, na baada ya hotuba wale viongozi wakaenda kwenye simu na kupiga makwao.

Angalia jinsi tarehe ilivyofanya kazi. Kama vom Rath angekufa wiki moja baadaye, viongozi wale wangekuwa wametawanyika makwao. Sisemi Wayahudi wangesalimika, maana chuki ilikuwa imeiva. Nasema kwamba ukumbusho uliokuwa umelishwa kwa miaka kumi na mitano ndio uliowaweka watu wale katika chumba kimoja, wakiwa wamekunywa, wakiwa wametoka kuyaita majina ya wafu wao. Siku haikuwa na nguvu yoyote ndani yake. Nguvu walikuwa nayo wao walioikumbuka, na namna walivyoikumbuka.

Usiku huo na mchana uliofuata, zaidi ya masinagogi 1,400 yalichomwa au kubomolewa katika Ujerumani na Austria. Vikosi vya zimamoto vilifika, lakini amri ilikuwa kulinda nyumba za jirani tu na kuacha sinagogi liishe. Maelfu ya maduka yalivunjwa vioo. Serikali ilihesabu vifo 91, na hesabu ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya Reichsmark bilioni moja.

Leipzig pia. Sinagogi kubwa la mji ule, lililokuwa mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Kanisa la Mtakatifu Thomas ambako Bach alikuwa kiongozi wa muziki, lilichomwa. Naitaja Leipzig kwa sababu ni jina ambalo Wakristo wa Moshi, Machame na Marangu wamelisikia tangu utotoni, jina la walioleta Injili. Ni mji uleule.

Tarehe 10 Novemba, majivu yakiwa bado ya moto, ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Martin Luther. Hapa kukutana kwa tarehe kulikuwa sadfa tupu, lakini mtu mmoja aliamua isiwe sadfa. Martin Sasse, askofu wa Kilutheri wa Thuringia, mwenye makao yake Eisenach, mji ulio chini ya ngome ambako Luther alitafsiri Agano Jipya, alitoa kijitabu siku chache baadaye. Katika dibaji alifurahia waziwazi kwamba masinagogi yanaungua siku ya kuzaliwa kwa Luther. Ndani aliweka maneno ya Luther mwenyewe. Hakulazimika kuyabuni: mwaka 1543, akiwa mzee, Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, na mojawapo ya mashauri yake kwa watawala lilikuwa kuyachoma masinagogi.

Najua jambo hili ni chungu kwa baadhi ya wasomaji, nami silisemi ili kumfurahisha anayetafuta sababu ya kuwacheka Walutheri. Tumejifunza Katekisimo Ndogo kwa moyo, na ni kitabu kizuri. Mkono ulioandika kitabu kile ndio ulioandika na hiki. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko la kuyakataa maneno hayo na kuwaambia Wayahudi kwamba linahuzunika. Sidhani ni jambo la Wamarekani na Wajerumani peke yao. Anayerithi shamba hurithi na visiki.

Na kanisa lote lilisema nini juma lile? Hakuna uongozi wa kanisa kubwa, wa Kiprotestanti wala wa Kikatoliki, uliosimama kulaani kwa sauti. Waliosema walikuwa mmoja mmoja. Mjini Berlin padre Bernhard Lichtenberg, mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig, alipanda mimbari akawaombea Wayahudi, akakumbusha kwamba linaloungua nje nalo ni nyumba ya Mungu. Aliendelea kuwaombea hadharani kwa miaka mitatu. Oktoba 1941 alikamatwa, akafungwa, na tarehe 5 Novemba 1943 akafa akiwa njiani kupelekwa Dachau. Huko Oberlenningen, kijiji cha Württemberg, mchungaji wa Kilutheri Julius von Jan alihubiri Siku ya Toba, tarehe 16 Novemba. Fungu lilikuwa Yeremia 22, mahali ambapo nabii anaiita nchi mara tatu isikie neno la Bwana. Alisema wazi kwamba nyumba za ibada zimechomwa, mali za watu zimeporwa, na Mungu hatadhihakiwa. Siku tisa baadaye kundi la watu lilimtoa, likampiga, naye akapelekwa gerezani.

Dietrich Bonhoeffer alikuwa Pomerania, akiwafundisha vijana wa uchungaji katika mafunzo ambayo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Hatuna hotuba yake ya siku zile. Tunacho kitu kidogo zaidi, na kwangu kina uzito kuliko hotuba. Biblia yake imehifadhiwa. Katika Zaburi ya 74, kando ya mstari wa 8, ambapo mwimbaji analia kwamba adui wameziteketeza nyumba zote za Mungu katika nchi, aliandika kwa penseli tarehe: 9.11.38.

Fikiri maana yake. Zaburi ile inaomboleza Yerusalemu, hekalu lililochomwa mwezi wa tano, siku ya saba au ya tisa au ya kumi. Mchungaji wa Kijerumani anasoma maombolezo ya Wayahudi na kuweka pembeni tarehe ya nchi yake. Hakuandika tafsiri, wala hakusema kwamba unabii umetimia. Alichokiri kwa penseli ni kwamba nyumba zilizochomwa ni nyumba za Mungu, na kwamba katika zaburi hiyo watu wa nchi yake wamo upande wa wenye mashoka. Baadaye alijiunga na waliopanga kumwondoa Hitler, akakamatwa, akanyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. (Mhubiri wa namba ataipenda tisa hiyo. Mimi naiacha ilivyo.)

Nisisahau nyumba moja ambayo haikuungua usiku ule. Sinagogi Jipya la Berlin, katika mtaa wa Oranienburger, lilikuwa limeanza kuwashwa moto. Polisi wa kituo cha jirani, ambacho mkuu wake alikuwa Wilhelm Krützfeld, waliwafukuza wachomaji kwa hoja ya ofisini kabisa: kwamba jengo hilo limehifadhiwa kisheria tangu enzi ya mfalme. Zimamoto wakaitwa, nao wakazima. Baadaye mabomu ya vita yaliliharibu, lakini usiku ule lilisimama. Amri kutoka Munich ilikuwa imefika kwa kila mtu, na bado katika kituo kimoja watu waliamua kufanya kazi yao ya kawaida.

Sasa ruka miaka hamsini na mmoja. Ujerumani ilikuwa imegawanywa, na tangu tarehe 13 Agosti 1961 ukuta uliikata Berlin. Tangu mwaka 1982 Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, ndani ya nchi ya kikomunisti, lilikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Kuna Jumatatu walifika watu wachache sana. Mchungaji wake, Christian Führer, aliuacha mlango wazi kwa yeyote, aaminiye na asiyeamini. Tarehe 9 Oktoba 1989 serikali ilituma mamia ya wanachama wake wajaze viti vya kanisa mapema ili waombaji wakose nafasi. Wakakaa, na kwa kuwa walikuwa wamekaa, wakaisikia Injili. Nje kulikuwa na polisi na wanajeshi tayari kwa amri. Watu wapatao 70,000 walitembea na mishumaa mkononi. Mshumaa wa nje unahitaji mkono mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga upepo. Hakubaki mkono wa kurusha jiwe. Risasi haikupigwa.

Mwezi mmoja baadaye ikaja tarehe 9 Novemba, na hapa tena ni sadfa, karibu ya kuchekesha. Günter Schabowski, msemaji wa chama, alikuwa na mkutano na waandishi wa habari uliorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Karibu na mwisho alisoma karatasi aliyokuwa amepewa, kuhusu ruhusa mpya ya kusafiri. Ilikusudiwa kuanza kesho yake, kwa utaratibu wa kuomba viza. Mwandishi akauliza inaanza lini. Schabowski akapekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa kadiri anavyojua ni sasa hivi, bila kuchelewa. Watu wakatoka majumbani kwenda mpakani. Kwenye kituo cha mtaa wa Bornholmer afisa wa zamu, Harald Jäger, alipiga simu na kupiga tena, hakupata amri ya maana, huku maelfu wakisukumana mbele yake. Karibu saa tano na nusu usiku akaamuru lango lifunguliwe.

Hakuna aliyeichagua tarehe hiyo, lakini Wajerumani walipotafuta siku ya sikukuu ya taifa lililoungana, ilibidi wachague. Wengi walitaka tarehe 9 Novemba. Ndiyo siku ambayo watu walilia kwa furaha juu ya ukuta, na ndiyo siku ya jamhuri yao ya kwanza. Ikakataliwa, kwa sababu ya 1938. Wakachukua tarehe 3 Oktoba, siku ambayo muungano ulianza kisheria mwaka 1990, tarehe isiyo na machozi ya aina yoyote. Wapo wanaosema uamuzi ule ulikuwa wa woga. Mimi naona ulikuwa wa adabu. Huwezi kupiga ngoma ya harusi katika ua ambao jirani yako anazika, hata kama harusi ni ya halali.

Siku haikufutwa lakini. Asubuhi yake hukumbukwa masinagogi, na jioni yake hukumbukwa ukuta, na Mjerumani mwenye akili hajui avae nguo gani. Mahali lilipokuwa sinagogi kubwa la Leipzig pamewekwa viti 140 vya shaba, vimepangwa kwa safu kama vya ibada, vitupu, nje, juani na mvuani. Kutoka hapo hadi Kanisa la Mtakatifu Nikolai si mbali. Mgeni kutoka Kilimanjaro anayekwenda kuuona mji wa wamishonari wake anaweza kufika kote kuwili kwa miguu mchana mmoja, nami ningemshauri asianzie Nikolai.

Berlin kulikuwa na kanisa lililoitwa Kanisa la Upatanisho, katika mtaa wa Bernauer. Ukuta ulipojengwa, likajikuta katikati ya ukanda wa mauti, kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Washarika hawakuweza kulifikia, na walinzi waliutumia mnara wake. Januari 1985 serikali ililibomoa kwa baruti, ibada ikiwa haijafanyika humo kwa zaidi ya miaka ishirini. Washarika walipokirudishiwa kiwanja chao hawakulijenga upya la zamani. Walijenga kanisa dogo la umbo la duaradufu, kuta zake za udongo wa kushindilia, kazi ambayo fundi yeyote wa kijijini kwetu angeielewa mara moja, na ndani ya udongo wakachanganya vipande vya matofali ya lile lililolipuliwa. Ukikaribia unaviona vikitokeza ukutani. Liliwekwa wakfu tarehe 9 Novemba 2000.

Mchana hufanyika humo ibada fupi. Husomwa maisha ya mtu mmoja aliyeuawa kwenye ukuta: alizaliwa lini, alifanya kazi gani, alijaribu kuvuka wapi, alikufa tarehe ngapi. Mmoja tu kwa siku. Nje, mahali walipotembea walinzi na mbwa, wamepanda nafaka ambayo Wajerumani huitumia kwa mkate wao mweusi, na ikikomaa wanaivuna.